Hifadhidata Isiyojua Kwamba Mume Wangu Amefariki

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Kompyuta Yako",

Natumaini wewe na mashine zako hamjambo. Mimi sijambo kiasi cha mtu aliyefiwa, yaani nakula, nalala, na nikiulizwa hali nasema nzuri.

Nakuandikia kuhusu makala yako ya hatua sita za kuondoa matatizo ya kuingia kwenye hifadhidata ya seva ya nyumbani au dukani. Niliisoma kwa makini. Niliikata gazetini kwa mkasi wa kitambaa, jambo ambalo marehemu asingelivumilia, maana katika duka letu mkasi wa kitambaa haugusi karatasi hata nyumba ikiungua. Nikaibandika ukutani juu ya meza ya pasi, na nimeifuata neno kwa neno. Hifadhidata bado imenifungia nje. Naleta malalamiko yangu kwako kwa sababu kila niliyemwendea alinirudisha kwenye makala yako.

Kwanza utufahamu. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Futi kwa sababu futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake tangu anapofungua duka hadi anapopanda kitandani, na siku moja nilimkuta amelala nayo. Mimi kazi yangu ni vifungo na matundu yake. Futi alipochoka kutafuta vipimo vya wateja kwenye vipande vya karatasi, alijifunza kompyuta kutoka kwa mdogo wake, akatengeneza mfumo wa duka. Ni kompyuta moja tu. Yenyewe ndiyo inayouliza, na yenyewe ndiyo seva inayojibu. Ndani yake mna jina la kila mteja, kiuno, mabega, urefu wa mguu, nguo anayoisubiri, na mwisho kabisa mna nafasi ya maoni.

Maoni hayo ndiyo roho ya duka. Futi aliyaandika kwa vidole viwili, pini zikiwa mdomoni. "Bega la kushoto liko chini. Asiambiwe." "Anasema hataki mifuko. Weka mifuko." "Anapopimwa anavuta tumbo. Ongeza." "Huyu mpime akiwa amekaa, maana maisha yake yote amekaa."

Futi alifariki mchana mmoja akiwa kwenye kiti chake, uzi ukiwa umeshapita kwenye tundu la sindano. Tangu wiki ya mazishi mfumo haufunguki. Shemeji yangu, yule mdogo wake, ambaye hutengeneza kompyuta za watu na hutembea na mkoba wenye zipu nyingi kuliko vitu vilivyomo, ameniambia kwamba ikifika Jumamosi hatujaingia, atafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. "Shemeji, tutaanza upya," anasema. "Itakuwa safi." Mimi sitaki safi, Ndugu Mhariri. Mimi nataka "weka mifuko". Vikifutwa hivyo, nitakuwa nimemzika mara mbili, na mara ya pili bila hata watu kuja na chai.

Kwa hiyo naorodhesha malalamiko yangu:

1. Hifadhidata haina adabu. Nikibofya mahali alipokuwa akibofya Futi, kinatokea kioo cheupe chenye mstari mmoja wa Kiingereza, ambao shemeji alinitafsiria hivi: mtumiaji mkuu amekataliwa kuingia, nenosiri limetumika, ndiyo. Nilifurahi nilipoona ndiyo. Katika shule niliyosoma mimi, ndiyo ilikuwa habari njema. Shemeji akaniambia hapana, hii ni ndiyo ya kukataa. Sijawahi kukutana nayo isipokuwa kwa mjumbe wa nyumba kumi tulipoomba bomba la maji.

2. Hatua yako ya kwanza inasema tuhakikishe hifadhidata imewashwa. Haikuwa imewashwa. Shemeji aliibofya, ikawaka kijani, ikafikiri, ikazimika. Akaibofya tena, kijani, kufikiri, kuzimika. Baada ya kumaliza chupa nzima ya chai yangu aligundua kwamba yeye mwenyewe, katika kuhangaika kwake, alikuwa amesakinisha hifadhidata ya pili, na zote mbili zilitaka kupita mlango mmoja. Alinieleza jambo hilo taratibu, kwa kuchora, kana kwamba ni gumu. Ndugu Mhariri, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliishi na wifi zangu watatu na jiko moja. Sikuhitaji mchoro. Tuliiondoa ile ya pili, ya kwanza ikawaka na kutulia, kisha ikatukataa. Basi tulikuwa tumepanda cheo: awali hatukujibiwa, sasa tulijibiwa vibaya.

3. Hatua ya pili inasema tukague anuani. Tuliikagua. Anuani ya hifadhidata, kwa maelezo ya shemeji, maana yake ni "humuhumu ndani". Yaani kurasa za mfumo na hifadhidata vinakaa kwenye boksi moja, vinapulizwa na feni moja, vinakula umeme wa waya mmoja, na bado kila asubuhi kimoja kinamuuliza mwenziwe, wewe nani? Shemeji anasema huo ni usalama. Nikamuuliza, usalama dhidi ya nani? Ndani ya boksi hilo kuna wao wawili na vumbi. Akasema, "Shemeji, hayo mambo ni ya kitaalamu." Namheshimu shemeji. Lakini nimeona kwamba mambo huwa ya kitaalamu pale chai inapoisha.

4. Hatua ya tatu inasema, "Kumbuka nenosiri lako." Hapa nilikasirika kidogo, nisamehe. Mimi sikulisahau, sikuwahi kulijua. Aliyelijua ndiye aliyesahau kuliacha. Shemeji alinifungulia ukurasa wa msimamizi wenye visanduku viwili, cha jina na cha nenosiri, nikaketi mbele yake nikaanza kuandika. Niliandika jina la binti yetu, kisha jina la mama yake Futi, kisha la timu yake ya mpira, na timu ile ingekataliwa popote. Niliandika aina ya cherehani yetu. Niliandika Sindano, ambalo ndilo jina aliloniita akiwa na furaha. Ikakataa. Nikaandika jina aliloniita akiwa na hasira, ambalo sitaliweka hapa kwa kuwa gazeti lenu linasomwa na watoto. Ikakataa pia, na nikiri kwamba hapo nilipumua. Mpaka leo linanijia neno nikiwa naosha vyombo, nafuta mikono, nakimbia kwenda kuliandika. Nimemkumbuka mume wangu wiki hizi zaidi kuliko nilivyomkumbuka akiwa hai na amechelewa kurudi. Hakuna hata kumbukumbu moja iliyofungua.

5. Hatua ya nne: "Kabla ya kubadilisha chochote, toa nakala ya data yako." Ni ushauri mzuri. Ili kutoa nakala, lazima niingie. Ili niingie, lazima nibadilishe kitu. Ili nibadilishe kitu, lazima kwanza nitoe nakala. Nilizunguka hapo siku nzima kama mtu anayetafuta miwani akiwa ameivaa.

6. Lalamiko la sita nilikuwa nalo, nimelisahau wakati wa kujaza kalamu. Likirudi nitalileta.

7. Hatua ya tano ndiyo ile ya kumsimamisha mlinzi wa hifadhidata kwa muda, kupita bila kuulizwa, na kuweka nenosiri jipya. Shemeji alijaribu. Aliandika amri, mashine ikasema haielewi. Akaiandika tena kwa nguvu zaidi, akigonga vitufe kama anayepigilia misumari. Mwisho akasema mashine yetu ni ya zamani na hatua hiyo inataka mashine yenye heshima zake. Nami, nikuambie kweli, kimoyomoyo nilishukuru. Nilikuwa nimemuuliza kama nenosiri la zamani tungeweza kulisoma kwanza, hata mara moja tu, akasema haiwezekani: linahifadhiwa likiwa limesagwa, na unga haurudi kuwa nafaka. Ukiweka jipya, la zamani limekwenda. Na mimi ndilo nililokuwa nikilitaka. Mtu akichagua neno moja katika maneno yote ya duniani na kuliweka mlangoni, bila shaka ni neno la kumpendeza. Nilitaka kujua lilikuwa lipi.

8. Hatua ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho: "Ikishindikana, wasiliana na msimamizi wa mfumo wako."

Ndugu Mhariri, nilikwenda. Nilivaa kanga yangu nzuri, nikachukua maua na simu yenye picha ya lile kosa. Nilimsomea lote, pamoja na namba iliyo kwenye mabano, polepole, kwa kuwa Kiingereza changu si cha kukimbia. Nikamwambia kwamba humuhumu ndani wamegombana. Nikamwambia kuhusu hifadhidata ya pili, nikijua angecheka. Msimamizi wa mfumo hakujibu. Mlinzi wa makaburi alinisikia, akaja na fagio lake, akasimama kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Mama, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

Mlinzi huyo hajasoma makala yako. Namtaja ili ujue una mshindani.

9. Hasara imeanza kuonekana. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta kitambaa cha suruali ya sherehe ya kutoa zawadi. Fundi kijana tuliyemwajiri alimpima vizuri sana, kwa kipimo alichokiona kwa macho yake. Mwalimu mkuu alivuta tumbo kama kawaida yake. Kijana hakujua kwamba anayevuta huongezewa. Siku ya sherehe alisimama vizuri, alihutubia vizuri, na mtoto wa kwanza alipopanda jukwaani, mwalimu mkuu akainama kumvika medali. Wanasema makofi yalikuwa ya mtoto mwanzoni tu. Alikuja dukani akiwa amejifunga koti kiunoni, akasema kwa upole uliotuuma kuliko matusi, "Futi hakuwahi kunitenda hivi." Na ni kweli. Kwa miaka yote ile mwalimu mkuu aliamini ana kiuno chembamba, na kilichombeba ni neno moja la Futi lililofungiwa ndani ya boksi.

10. Sasa nafika kwenye kiini. Nimelitafakari suala hili nikipiga pasi, na nimeona kwamba tatizo si la kitaalamu hata kidogo. Tazama mwenendo wa hifadhidata hii. Imemkataa mdogo wa marehemu. Imenikataa mimi. Mama mkwe wangu alipokuja kuona inayotusumbua alipiga meza kwa kiganja akasema, "Wewe chombo, mimi ndiye niliyemzaa!" Ikamkataa na yeye. Haimtaki mtu yeyote isipokuwa Futi, inamsubiri Futi, na siri ya Futi haitoi hata kwa kubembelezwa. Ingekuwa kiumbe cha kike tungesemaje? Tungesema ni mke, tena wa mfano. Na kama ni mke, na mimi ni mke, basi mimi nina mke mwenza ambaye nimempikia karibu na meza yake kwa miaka bila kutambulishwa.

Sina ugomvi naye. Ila nikaanza kujiuliza, mbona hakulia? Mbona siku ya msiba aliwaka kijani kama siku nyingine? Ndipo nilipogundua: hakuna aliyempa habari. Tuliwapigia simu ndugu wote. Tulimwambia muuza nyuzi, muuza vifungo, fundi wa mashine, na hata jirani ambaye Futi hakusemezana naye tangu habari ya ukuta. Hifadhidata, iliyokuwa ikizungumza naye kila siku, hatukuiambia. Inakaa pale, inasubiri mtu wake. Anayekuja bila neno la mtu wake inamwona mwizi. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Kwa sababu hiyo, naomba yafuatayo:

Kwanza, uchapishe tangazo la msiba katika ukurasa wako wa kompyuta, kwa kuwa matangazo ya kawaida yanasomwa na watu tu. Lisomeke hivi: "Hifadhidata ya duka la nguo, iliyo humuhumu ndani, inajulishwa kwa masikitiko kwamba mtumiaji wake mkuu amefariki, hakuugua muda mrefu, na hakuitoroka."

Pili, atambuliwe rasmi kuwa mke mwenza, na apewe haki na wajibu sawa na wangu. Haki zake ni kupumzika na kupewa pole. Wajibu wake ni kupokea wageni wanaokuja kueleza jinsi wao walivyofiwa vibaya zaidi, na kumsikiliza mama mkwe kila alasiri akisimulia siku aliyozaliwa Futi, hadithi ambayo kila inaporudiwa mvua huwa kubwa zaidi. Mimi nimesikiliza. Sasa zamu yake.

Tatu, wewe mwenyewe, kwa kuwa unaheshimika katika ukoo wa mashine, uje utupatanishe. Utakaa katikati. Chai ipo. Nitamwambia ninayoyajua kuhusu Futi, naye aniambie lile neno moja tu. Sitaligusa. Nikishalisikia, anaweza kuendelea kulitunza.

Nne, akikataa hayo yote, basi arudishwe kwao, kwa waliomtengeneza, pamoja na kebo zake, na waseme kwa maandishi walimlea vipi.

Najua una barua nyingi kutoka kwa watu wenye matatizo ya maana, kama printa. Mimi nina siku chache kabla ya Jumamosi. Shemeji ameshanunua diski mpya ya kufutia na ananiletea kila asubuhi kunionyesha, kama mtu anayenoa kisu mbele ya kuku.

Nisalimie wenzako wa chumba cha habari, mchora katuni, mpiga chapa, na yule anayeandika nyota, ambaye aliniahidi wiki ya kufunguliwa milango. Msalimie mama watoto wako, na kama nyumbani kwako kuna hifadhidata, mwambie aijulishe mapema mambo ya familia. Nami hapa nang'ata uzi, barua imeisha.

Mwenye majonzi na vifungo,

Mjane wa Futi

Tanbihi: Ndugu Mhariri, sikuwahi kwenda posta, na sasa ni Jumamosi jioni, kwa hiyo naongeza kidogo.

Shemeji alikuja na diski yake. Kabla ya kufuta alifungua faili la mipangilio ya mfumo, lile ambalo kurasa husoma ili zijue ziingie kwenye hifadhidata kwa jina gani na kwa nenosiri gani. Akasukuma pembeni kikombe cha chai kikiwa kimejaa. Shemeji haachi chai, kwa hiyo nikaja. Akasema, bila kunitazama, "Shemeji, hili nenosiri niliandika mimi." Wiki ya mazishi alifungua faili hilo ili aweke tangazo kwamba duka limefungwa. Akaona mahali pa nenosiri pako wazi, hapana hata herufi. Alidhani kaka yake amefariki kabla ya kumalizia. Akamhurumia. Akajaza jina kamili la kaka yake, ili, alivyosema, jina libaki ndani. Kisha akasahau, kwa kuwa siku zile sote tulikuwa tukisahau hata kufunga bomba.

Futi hakuwa ameweka nenosiri lolote. Ulikuwa ukiingia bila neno. Tulilifuta lile jina, tukaacha pakiwa patupu, nikabofya, na mfumo ukafunguka kama duka siku ya kawaida. Shemeji alilia. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikalia na mimi, kisha nikaenda kuosha vikombe. Nilikuwa nimekonda nikitafuta neno aliloondoka nalo. Hakuondoka na neno. Hakuna alichoondoka nacho ambacho mimi sinacho.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia mpaka nilipofungua ukurasa wa nguo zinazosubiri wenyewe. Kuna suruali ya kijivu, kiuno thelathini na sita, imekamilika, imepigwa pasi, na maoni yake ni haya: "Mwili wake kama wangu kabisa. Nimeijaribu mwenyewe, imekaa vizuri sana." Mwenye suruali ni bwana misitu, alikuwa safarini, amerudi, na ataipitia Alhamisi. Suruali hiyo tuliitoa ukutani asubuhi ya mazishi. Shemeji alisema inamkaa kaka kama aliyeshonewa, na watu wote waliopita kumuaga marehemu waliisifu.

Kwa hiyo tafadhali yafute malalamiko yangu yote, pamoja na maombi. Badala yake naomba makala nyingine, ikiwezekana kabla ya Alhamisi: hatua za kuifunga hifadhidata ili isimfungukie mtu yeyote, hasa mwenye kiuno cha thelathini na sita.